Injini ikizimika angani, ndege inaanguka kama jiwe?

Swali: "Nina miaka 54, nafanya biashara ya vitenge hapa Mwanza. Mzigo nafuata Dar kwa basi miaka yote, sijawahi kupanda ndege. Zamani nilikuwa nasema ipo siku, lakini tangu ile ajali ya Bukoba mwaka 2022 nilifuta kabisa wazo hilo. Sasa binti yangu yuko Muscat, ni mjamzito wa mtoto wa kwanza, anataka niwe naye akijifungua. Huko basi haliendi. Nisaidie: tani zote zile za chuma zinasimama juu ya nini? Kijana mmoja hapa sokoni anasema hata wataalamu hawajui kwa nini ndege inapaa, eti wale ndugu wawili wa Marekani walibahatisha tu. Injini ikizimika si tunashuka kama jiwe? Na hayo mashimo ya hewa? Nina presha, natumia dawa kila siku, naambiwa huko juu mishipa inapasuka. Jirani kanipa vidonge vya usingizi, nimeze nikishakaa kwenye kiti. Nifanyeje?"

Dada yangu, kwanza hongera ya mapema ya kuitwa bibi. Umeuliza mengi, na yote nitayajibu, lakini naona karibu yote yameota kwenye mzizi mmoja: unaamini kinachoishikilia ndege angani ni injini. Nimefanya ufundi wa ndege na kufundisha vijana wa kazi hiyo, na abiria wenye hofu ninaozungumza nao wengi wanaanzia hapo hapo. Ukiamini hivyo, basi kila injini inapobadilisha sauti lazima moyo ushtuke. Kwa hiyo tuanze na hao ndugu wawili, maana historia yao inakujibu kuliko takwimu zangu.

Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, jimbo la Ohio. Enzi zao wengi waliotaka kuruka walihangaika kutafuta nguvu. Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, mwanasayansi mwenye jina na fedha za serikali, alijenga mashine yenye injini ya nguvu ya farasi kama 50. Mwaka 1903, mwezi wa Oktoba na tena Desemba, ilirushwa kutoka juu ya boti kwenye mto Potomac, na mara zote mbili ikatumbukia majini. Injini yenyewe haikuwa na tatizo.

Akina Wright walianzia upande mwingine. Walikuwa wamesoma habari za Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka mara nyingi kutoka vilimani kwa mabawa yasiyo na injini, akijisawazisha kwa kurusha miguu na mwili huku na huku. Mwaka 1896 upepo uliinua pua ya chombo chake, hakuweza kuirudisha chini, akaanguka na kufariki. Wao wakaona tatizo halisi ni hili: mtu akiwa hewani ataumudu vipi mwili wa chombo chake? Watu wa baiskeli walijua kwamba kitu kisichoweza kusimama chenyewe kinaweza kwenda vizuri kabisa, mradi aliyekipanda anakirekebisha kila dakika.

Mwaka 1900 walikwenda Kitty Hawk, pwani ya mchanga yenye upepo mwingi, wakarusha chombo chao kama tiara, kikiwa kimefungwa kamba. Mwaka 1901 walirudi na kikubwa zaidi, kikawaangusha moyo: nguvu ya kupaa ilikuwa ndogo sana kuliko hesabu za vitabuni. Huyo kijana wako wa sokoni angeishia hapo na kusema bahati mbaya. Wao walirudi dukani, wakatengeneza sanduku refu la mbao lenye feni upande mmoja, wakawa wanapitisha upepo juu ya vibawa vidogo vya bati, umbo moja baada ya jingine, maumbo kama 200, wakipima kila kimoja. Wakagundua kuwa namba iliyotumiwa kwa zaidi ya miaka 100 kukokotoa nguvu ya upepo ilikuwa kubwa mno. Mtu anayebahatisha hafanyi kazi ya namna hiyo majira yote ya baridi.

Mwaka 1902 walirudi mchangani na chombo kipya, wakakirusha mamia ya mara, kikielea kutoka kilimani hadi chini, wakikipindisha kushoto na kulia watakavyo. Bado hakikuwa na injini. Injini ilikuja mwisho, ikaundwa na fundi wa duka lao, Charlie Taylor, na nguvu yake ilikuwa ya farasi 12 hivi. Bodaboda iliyoegeshwa mbele ya duka lako ina nguvu karibu hiyo hiyo. Ndiyo iliyowapaisha tarehe 17 Desemba 1903: safari ya kwanza sekunde 12, mita 37, ya nne, siku hiyo hiyo, sekunde 59 na mita 260. Kisha upepo ukaibingirisha ndege ikavunjika, wakafunga mizigo wakarudi kwao.

Umeona mpangilio wake? Ndege ilijua kukaa hewani kabla haijapewa injini. Kinachoibeba ni bawa likiwa katika mwendo. Injini inaupa mwendo huo, inaipandisha, inairefushia safari.

Sasa bawa linabebwa na nini? Na hewa, na hewa si utupu. Chumba cha mita nne kwa nne chenye dari ya mita tatu kina hewa yenye uzito wa kilo hamsini na kitu, yaani mfuko wa saruji. Hatuuhisi kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Bawa limekaa kwa kuinama kidogo, mbele juu, nyuma chini. Likiikata hewa kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa saa, kila sekunde linazielekeza chini tani nyingi za hewa. Nayo hewa, kwa kusukumwa chini, inalisukuma bawa juu. Ukitaka kuona kitu cha ukoo mmoja, nenda ufukweni pale Mwaloni uangalie mashua ya tanga ikibisha. Upepo unaijia kwa mbele ubavuni, lakini mashua inasonga mbele, kwa sababu tanga lililotuna linaugeuza upepo na upepo unalivuta tanga. Bawa ni tanga lililolazwa. Na hicho unachokiita chuma kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, na kwenye ndege za karibuni ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi.

Maneno ya huyo kijana yana chanzo. Vitabu vingi vya shule vilifundisha kwamba hewa ya juu ya bawa inakimbia ili ikutane na ya chini pale nyuma. Hakuna sheria inayozilazimisha zikutane, na kwa kweli ya juu hufika mapema zaidi. Wataalamu wanaposema maelezo hayo si sahihi, mtu akidaka nusu ya habari anaondoka na "hawajui inapaaje". Wanajua, na wanapiga hesabu kabla hata bati la kwanza halijakatwa.

Turudi kwenye injini kuzimika. Ndege kubwa ya abiria ikiwa mita 10,000 juu, injini zote zikanyamaza, haishuki wima. Rubani anaishusha pua kidogo, mwendo unabaki, nayo inateleza hewani takribani kilomita 150, kama mara mbili ya umbali wa Dar hadi Unguja. Mwaka 2001 Airbus A330 iliyotoka Toronto kwenda Lisbon ilivuja mafuta ikaishiwa katikati ya Atlantiki. Iliteleza bila injini hata moja kwa dakika kama 19, ikatua visiwa vya Azores. Watu 306 walikuwemo, wote wakaishi. Hilo ni tukio la nadra mno. La kawaida zaidi ni injini moja kugoma, na ndege za abiria haziruhusiwi kubeba watu mpaka zithibitishe kwamba zinaweza kuendelea kuruka na iliyobaki, hata ile moja ikifa wakati wa kuondoka. Na nikupe siri ndogo: katika kila safari, sehemu kubwa ya kushuka hufanywa injini zikiwa zimepunguzwa karibu na kupumzika. Abiria wanakula karanga, kumbe wanateleza.

Lakini Bukoba ilitokea, na siwezi kuizunguka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilikuwa inakaribia kutua katika hali mbaya ya hewa, ikaingia ziwani karibu na uwanja. Kati ya watu 43, 19 walifariki, na wavuvi ndio waliowahi kufika kuokoa. Hatari za ndege zimekusanyika karibu na ardhi, wakati wa kuruka na wakati wa kutua, kwa sababu hapo chini hakuna nafasi ya kuteleza wala muda wa kusahihisha. Huko juu unakokuogopa ndiko salama zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa safari imeahirishwa kwa sababu ya mawingu, au rubani akighairi kutua na kupanda tena kuzunguka, usinune pamoja na wenzako. Hapo ndipo anapofanya kazi yake. Kulinganisha na barabara najua hakumtulizi mtu, ila kwa kuwa wewe ni mtu wa basi nitalisema: Shirika la Afya Duniani linakadiria barabara za dunia zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka. Ndege za abiria za ratiba, dunia nzima, ni mamia, na miaka mingine hata mia hawafiki. Ni kweli wasafiri wa barabara ni wengi zaidi, lakini pengo hilo halizibwi na wingi huo.

Mashimo ya hewa hayapo. Kuna hewa inayopanda na hewa inayoshuka, hasa jirani na mawingu ya radi, na nyinyi wa kando ya Ziwa Victoria mnayajua hayo mawingu. Ndege ikipita kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine inatikisika. Tumbo linakuambia umeshuka ghorofa kumi, kumbe mara nyingi ni mita chache. Wanaoumia kwenye mitikisiko kwa kawaida ni waliosimama au waliofungua mkanda. Bawa halitavunjika kwa hilo. Sheria inataka libebe mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kuliko wote linaotarajiwa kukutana nao, na watengenezaji hulithibitisha kwa vitendo: bawa la Boeing 777 lilikunjwa kiwandani mwaka 1995 mpaka ncha yake ikapanda zaidi ya mita saba ndipo likakatika, mzigo ukiwa asilimia 154 ya huo mkubwa. Ukiliona bawa linachezacheza dirishani, limeundwa licheze.

Hapo dirishani pia utaona tundu dogo kwenye kioo, kama limetobolewa na sindano nene. Wengi humwita mhudumu kwa hofu. Limewekwa makusudi, ili kioo cha nje ndicho kibebe msukumo wa hewa na cha katikati kibaki akiba, na pia kisishike ukungu. Na tazama pembe za dirisha, zote ni za mviringo. Somo hilo lilinunuliwa kwa damu. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa ratiba, Comet ya Waingereza, ilianza tarehe 2 Mei 1952 kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe, huko ng'ambo ya ziwa lenu. Mwaka 1954 mbili zilipasuka angani juu ya bahari ya Italia. Wachunguzi walichukua mwili wa Comet wakauzamisha ndani ya tangi la maji pale Farnborough, wakawa wanaujaza na kuupunguza msukumo tena na tena kama unavyofanyiwa kila safari, mpaka bati likachanika kuanzia kwenye kona ya dirisha. Chuma kilikuwa kimechoka kwa kukunjwa, na kona kali ndizo zilizobeba mzigo mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Kila ndege utakayopanda imerithi majibu ya tangi lile.

Umesema basi haliendi Muscat, na huenda unajiuliza kama kuna njia nyingine. Ilikuwepo. Majahazi ya huko yalishuka pwani yetu na kaskazi, yakasubiri, yakarudi na kusi. Msafiri alihesabu wiki baharini na miezi kabla ya kurejea kwao. Hata ndege zenyewe hazikuanza na haraka ya leo. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha huduma ya kila wiki kutoka London, na unajua iliishia wapi? Mwanza. Njiani kulikuwa na vipande vya treni na ndege za kutua majini. Mwaka uliofuata njia ilifika Cape Town, safari ya siku kumi na zaidi, ndege ikilala kila usiku. Miaka 20 baadaye Comet ilikwenda London hadi Johannesburg chini ya saa 24. Kwako wewe, Dar hadi Muscat ni muda wa saa tano na nusu hivi. Mwanadamu hajawahi kuwa na njia fupi hivyo ya kuwahi uzazi wa binti yake.

Ushauri wangu: usifanye Muscat iwe safari yako ya kwanza. Wiki chache kabla, panda ndege ya Mwanza hadi Dar, ya asubuhi, hewa ikiwa bado imetulia, na uombe kiti karibu na mabawa ambako kutikisika kunapungua. Ni kama saa moja na nusu. Itakugharimu zaidi ya basi, na vitenge vyako bado virudi kwa basi, maana uzito wa ziada utakula faida yote. Lakini utakuwa umejifunza sauti, na hizo ndizo zinazoogofya wageni. Baada tu ya kuondoka utasikia kishindo chini ya miguu: ni magurudumu yanakunjwa. Dakika chache baadaye injini zitapungua sauti ghafla na utahisi kama mnarudi chini. Hamrudi, nguvu kubwa ya kuondokea haihitajiki tena. Kabla ya kutua kuna mlio mrefu kutoka kwenye bawa, sehemu zake za nyuma zinatoka nje kulipanua ili libebe ndege kwa mwendo mdogo. Mkiwa mmegusa chini injini zitanguruma kwa nguvu, hiyo ni breki. Mwambie mhudumu mapema kwamba ni mara yako ya kwanza. Hawacheki, na wengi watakupitia kukujulia hali.

Kutoka Mwanza kwa basi mchana kutwa halafu kuunganisha na ndege ya Muscat usiku huo huo, hapana. Kwa mtu wa umri wako mwenye presha, kukaa kitako muda wote huo miguu ikining'inia ndiko kunakonipa wasiwasi kuliko ndege yenyewe.

Kuhusu mishipa kupasuka: msukumo wa hewa ndani ya ndege ni jambo jingine kabisa na presha yako ya damu. Humo ndani hewa huwekwa iwe kama ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000, Addis Ababa zaidi ya hapo, na watu wenye presha wanaishi huko. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa kwa kawaida haimzuii mtu kusafiri. Dawa zako ziweke kwenye mkoba wa mkononi, usizitie kwenye begi linaloingia chini, na uzimeze kwa saa zako za kila siku. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja tu. Kunywa maji, simama utembee, na ukikaa cheza nyayo juu na chini ili damu isigande miguuni.

Vidonge vya jirani mrudishie. Sijui ni vya aina gani, wewe hujui vitapatana vipi na dawa za presha, na mtu aliyezimika kiti kimoja saa tano bila kusogea anaukaribisha mgando wa damu. Pombe nayo haisaidii.

Mimi ni mtu wa ndege, si daktari. Kabla ya kukata tiketi nenda kliniki yako ya presha, upimwe, uwaambie una safari na ni ya muda gani. Usisafiri bila ruhusa yao ikiwa vipimo vinapanda na kushuka, ikiwa unabanwa kifua au kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, ukiwa umefanyiwa upasuaji au umepata kiharusi karibuni, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Wasomaji wengine wenye selimundu, na kanda ya ziwa mko wengi, nanyi muonane na daktari kwanza, kwa sababu oksijeni ya humo ndani ni pungufu kidogo. Na hofu yenyewe ina wataalamu wake. Kama baada ya kuelewa haya yote bado hulali, moyo unaenda mbio ukiwaza tu uwanja wa ndege, nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa. Bugando iko hapo hapo mjini kwenu. Kuna njia za kumzoesha mtu hatua kwa hatua, na dawa ikihitajika itaandikwa na anayejua dawa zako nyingine.

Ikitokea daktari amekukatalia kwa sasa, usilazimishe. Binti anaweza kujifungua huko, akapumzika, na daktari wao akisharidhika akamleta mjukuu kwako. Mwambie tu ndege inapoanza kushuka amnyonyeshe mtoto. Kumeza ndiko kunakozibua masikio, na hapo ndipo watoto wengi wanapolia.